Naomba ushauri: kanda zenye sauti ya marehemu baba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa karafuu huku Wete: kuchuma, kuchambua makonyo, kuanika jamvini huku jicho moja likitazama mawingu. Wajukuu aliwalea kwa ngano za usiku, na nyingine alijirikodi mwenyewe kwenye kaseti (humo mna hadi ugomvi wake na jogoo). Sasa kanda zimeanza kuota ukungu. Unyevu wa Pemba mnaujua. Kaka anataka tuzipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Mama hataki zivuke bahari. Je, hapa kisiwani yupo fundi wa kuzisafisha na kuzihamishia kwenye kompyuta bila kuzikata? Na kwa sasa nizihifadhi vipi? Dada keshaanza kusema zianikwe juani.