Naomba ushauri: mwandishi anakuja shuleni, niwaandaeje watoto?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Tanga. Mwezi ujao mwandishi wa vitabu vya watoto, vya mambo ya kweli na si hadithi za kubuni, amekubali kukaa na wanafunzi wangu 70 kwa saa mbili. Nina furaha, ila na wasiwasi pia. Mgeni wa mwaka jana alisoma, watoto wakapiga makofi, tukapiga picha, basi. Kesho yake hakuna aliyeandika hata mstari.

Safari hii nataka waandike kuhusu mkonge, zao lililoletwa huku mwaka 1893. Lakini wengi wananakili kitabu tu. Isipokuwa binti mmoja: alimuuliza babu yake, mkata mkonge wa zamani, akaandika kuwa tita moja ni majani 30, na mwiba wa ncha ukikuchoma unauma hadi usiku. Hicho ndicho ninachokitafuta!

Je, niwatume wakahoji wazee kabla mgeni hajafika, au nimwachie yeye awafundishe kwanza namna ya kuuliza? Na kwa watoto 70, niwagawe vipi ili wa nyuma wasisahaulike? Mliowahi kufanya, nielekezeni tafadhali.