HBIA imekatwa Julai 1, 2025: itarudi kwenye bajeti ijayo?

Mama Zuhura, Aurora:
Salaam ndugu zangu wa Illinois. Kaka yangu ana miaka 51, kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa, ila kibali cha kazi anacho. HBIA yake, ile bima ya afya ya jimbo kwa wahamiaji wa miaka 42 hadi 64, imekoma Juni 30. Ofisini wamemwambia asubiri, huenda bajeti ijayo ikairudisha. Ana kisukari. Ajaze fomu gani? Na kuna dalili yoyote ya kurudi?

Baba Furaha, Rock Island:
Asisubiri hata siku moja, dada. Kwa mwaka huu wa 2025, mwenye ombi la hifadhi na kibali cha kazi anaruhusiwa kununua bima yenye ruzuku HealthCare.gov, tovuti ya serikali kuu. Dirisha ni siku 60 tangu bima kukatika, yaani mwisho wa Agosti. Awe na barua ya kukatwa, kibali chenyewe na makadirio ya mapato ya mwaka mzima wa 2025, si ya mwezi mmoja. Wengi hukwama hapo. Insulini akaichukue FQHC, yaani kliniki ya jamii inayofadhiliwa na serikali kuu, wanatoza kulingana na kipato. Akipata bili ya hospitali, aombe punguzo ndani ya siku 90: kipato kisichozidi 200% ya FPL (kiwango rasmi cha umaskini) hospitali ya mjini inafuta yote, ya kijijini ni 125%.

Kuhusu kurudi, tuseme ukweli. Bajeti ya FY26, mwaka wa fedha ulioanza Julai 1, 2025, ni dola bilioni 55.2, na kuikata HBIA kumeokoa takriban milioni 330. Gavana Pritzker alisaini ianzishwe, na yeye mwenyewe akapendekeza ikatwe. Kinachobana ni pensheni. Zaidi ya bilioni 10 kila mwaka, karibu moja ya tano ya bajeti, zinakwenda kwenye mifuko ya pensheni: TRS ya walimu, SERS ya watumishi wa jimbo, SURS ya vyuo vikuu, na mingine miwili midogo.

Kamau, Naperville:
Basi wapunguze pensheni! Ama jimbo litangaze kufilisika kama Detroit, deni likatwe, wagonjwa wapate dawa.

Bi Mwanaidi, Springfield:
Kamau, tafadhali. Chapter 9, sheria ya kufilisika waliyoitumia Detroit, ni ya miji, kaunti na wilaya. Jimbo haliwezi kufilisika kisheria. Na pensheni haipunguziki: Katiba ya 1970, Ibara ya XIII kifungu cha 5, inasema ni mkataba usioweza kupunguzwa. Walijaribu kwa sheria ya 2013, Mahakama Kuu ya Illinois ikaifuta yote Mei 2015, majaji wote kwa kauli moja. Kilichobaki ni Tier 2, yaani kundi la walioajiriwa tangu Januari 1, 2011: wanastaafu na 67, na nyongeza yao ni nusu ya mfumuko wa bei, haizidi 3%, tena haijumlishwi juu ya nyongeza. Tier 1, walioajiriwa kabla ya hapo, wao wanapata 3% inayojumlishwa kila mwaka, bei zipande zisipande.

Shimo limechimbwa na ratiba. Sheria ya 1994 iliweka miaka 50 ili mifuko ifikie 90% ya inachodaiwa mwaka 2045, na miaka 15 ya mwanzo malipo yakawekwa chini makusudi. Mwaka 2003 wakauza hatifungani za bilioni 10, sehemu yake ikatumika kulipa mchango wa mwaka huohuo. FY06 na FY07 wakachanga pungufu kwa bilioni 2.3. Sasa pengo limepita bilioni 140, na mifuko ina chini ya nusu ya inachodaiwa.

Kamau, Naperville:
Sawa, mahakama nimekubali. Lakini kodi? Nyumbani Kenya tangu Januari 2021 mtumishi wa serikali anachangia 7.5% na mwajiri 15%, pesa inaingia kila mwezi. Huku matajiri wanalipa 4.95% sawa na mlinzi wa usiku.

Baba Furaha, Rock Island:
Hiyo 7.5% ilikuja kwa ngazi, ilianza na 2% na kupita 5%. Andika kamili. Kuhusu kodi, kiwango kimoja nacho kimo katibani, Ibara ya IX. Novemba 2020 waliomba wapiga kura waruhusu viwango vya kupanda, wakakataliwa. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kupanua wigo: Illinois haitozi kodi ya mauzo kwenye huduma nyingi, na matumizi ya watu yamehamia kwenye huduma.

Bi Mwanaidi, Springfield:
Mnaruka la msingi. Katiba inadai matumizi yasizidi fedha "zinazokadiriwa" kupatikana. Kadirio likipandishwa, bajeti inasawazika kwenye karatasi tu. Kati ya Julai 2015 na Julai 2017 hapakuwa na bajeti kamili. Kodi ilikuwa imeshuka kutoka 5% hadi 3.75%, bili zisizolipwa zikafika bilioni 16.7, na nyingine zilitozwa riba ya 1% kwa mwezi. Wakauza hatifungani za bilioni 6 kulipia bili, na hiyo ilikuwa nafuu kuliko riba. Mashirika ya kulea wazee na walemavu, ambako watu wetu wengi wanafanya kazi, ndiyo yalisubiri malipo.

Tangu hapo bili zinalipwa kwa wakati na daraja la ukopaji limepanda hadi kundi la A mwaka 2023. Akiba ya dharura imepita bilioni 2, lakini ukiigawa kwa matumizi ni kama wiki mbili. Mdororo mmoja wa uchumi unaimaliza. Ninachotaka mimi: mapato ya ziada ya mara moja yaende kwenye akiba na pensheni, yasianzishie programu ya kudumu. HBIA ilianzishwa wakati fedha za ARPA, msaada wa korona kutoka serikali kuu, bilioni 8.1, zipo mezani. Watu walizoea dawa, fedha zikaisha.

Kamau, Naperville:
Kwa hiyo mgonjwa ndiye alipe makosa ya 1994?

Bi Mwanaidi, Springfield:
Hapana. Ndiyo maana mpigie mbunge wako kabla ya Februari, gavana anaposoma bajeti. Mwambie lengo liwe 100%, si 90%, na mchango uongezwe sasa, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewa unaongeza riba juu ya pengo. Mei ikifika mambo yameshapangwa.

Baba Furaha, Rock Island:
Na Tier 2 waangaliwe. Walimu wengi hawamo Social Security, pensheni ya serikali kuu, na sheria ya shirikisho inataka mafao yao yasiwe chini ya yale ya Social Security. Yakishuka chini, itabidi yaongezwe au walimu waingizwe Social Security, na hilo gharama yake bado haijaingia yote kwenye ratiba ya 2045.