Berlin walikosea kufuta jina la Clara Zetkin mtaani? Tujadili

Mleta mada

Wadau habari zenu. Naomba hii mada twende nayo taratibu maana najua ukitaja tu ukomunisti watu wanawaka kabla hawajasoma. Kuna mtaa Berlin, upo jirani kabisa na jengo la bunge, Reichstag, ambao toka 1951 uliitwa kwa jina la Clara Zetkin, mkomunisti wa Kijerumani aliyepigania haki za wanawake. 1995, ukuta ushaanguka, nchi ishaungana na bunge linajiandaa kuhamia Berlin, serikali ya jiji ikalifuta hilo jina ikarudisha la zamani, Dorotheenstraße. Wilaya ikapinga, jiji likapitisha hivyo hivyo. Hoja ilikuwa kwamba mtu aliyeipinga demokrasia ya kibunge hawezi kupewa heshima mlangoni pa bunge. Mimi nasema walikosea na nitaeleza kwa nini, asiyekubali aje na hoja sio matusi.

Huyu mama alizaliwa 1857 kijiji cha Wiederau, Saxony, baba yake mwalimu, na yeye akasomea ualimu Leipzig. Huko ndo akakutana na Ossip Zetkin, mwanamapinduzi wa Kirusi aliyekimbia kwao. Sheria ya kansela Bismarck ya 1878 ya kuwabana wasoshalisti ikamfukuza Ossip Ujerumani, mwishowe Clara akamfuata Paris. Hawakufunga ndoa ya kisheria, maana angeolewa na mgeni angepoteza uraia wake, ila jina la Zetkin akalichukua na watoto wawili wa kiume wakapatikana. Maisha yalikuwa magumu kweli, walikuwa wanaishi kwa kuandika makala, kutafsiri na kufundisha watu lugha, alafu Ossip akapata ugonjwa wa uti wa mgongo akawa hajiwezi, Clara anamuuguza huku analea huku anaandika. Januari 1889 Ossip akafa. Julai mwaka huo huo, mjane wa miaka 32, akasimama mbele ya kongamano la wasoshalisti pale Paris akawaambia wanaume waliojaa ukumbini kwamba mwanamke asiye na mshahara wake mwenyewe hatakuwa huru hata mkimpa maneno mazuri kiasi gani. Na ndani ya vyama vya wafanyakazi kulikuwa na wanaume waliotaka wanawake watolewe viwandani wakidai wanashusha mishahara, kwa hiyo ule ukumbi haukuwa wote upande wake.

Akarudi Ujerumani, kuanzia 1892 mpaka 1917 akawa mhariri wa gazeti la wanawake wa chama cha wasoshalisti, Die Gleichheit, alilokuwa analiendesha kutoka Stuttgart. Kumbuka mpaka 1908 sheria ya Prussia ilikataza mwanamke kujiunga na chama cha siasa. Wao wakafanyaje? Sheria inakataza chama, haikatazi mtu mmoja, basi kila sehemu wakamteua mwanamke mmoja wa kuaminika, hana kadi wala ofisi wala orodha ya wanachama, yeye ndo anasambaza magazeti na kuitisha watu. Polisi akija anamkuta mama mmoja tu na magazeti yake. Kuna kipindi wakaruhusiwa kuhudhuria mikutano ila wakae upande wao peke yao na wasichangie, na polisi yuko palepale ukumbini, akiona hapendi anavunja mkutano.

1910 Copenhagen, yeye na wenzake wakapendekeza siku ya wanawake ya kimataifa. Vita ilipoanza 1914 chama chake kikaunga mkono serikali, yeye akakataa, Machi 1915 akaandaa mkutano wa wanawake Bern kupinga vita, akakamatwa, na 1917 chama kikamnyang'anya gazeti alilolijenga miaka 25.

Sasa njoo kwenye demokrasia wanayosema aliipinga. 30 Agosti 1932. Utaratibu wa bunge ulikuwa mbunge mwenye umri mkubwa ndo anafungua kikao cha kwanza. Manazi wametoka kushinda viti 230 kati ya 608, wamekaa mle ndani na sare zao. Na mkubwa kwa umri ni Clara, miaka 75, mgonjwa, macho karibu hayaoni, kaja kutoka Moscow kwa ajili ya hiyo siku na vitisho anavijua. Wakamshika mkono mpaka kwenye kiti akaongea mbele ya hao watu 230 kwamba kazi ya kwanza ya wafanyakazi wote ni kuungana kuuzuia ufashisti, bila kujali vyama vyao. Akamaliza, wabunge wakamchagua spika, na aliyechaguliwa ni Göring, kigogo wa Manazi. Miezi mitano baadae rais Hindenburg akampa Hitler ukansela. Alafu niambieni, barabara ya Hindenburgdamm kule kule Berlin ilibaki na jina lake, huyu bibi ndo akaonekana adui wa demokrasia. Hapo ndo mnaponipoteza.

Hoja_Kavu

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kwa makusudi. Soma hotuba hiyo hiyo ya 1932 mpaka mwisho. Alimalizia kwa kusema anatumaini ataishi mpaka afungue kongamano la kwanza la mabaraza ya Ujerumani ya Kisovieti. Yaani amekalia kiti cha bunge anatamani hilo bunge life lije la mtindo wa Moscow. Hiyo sio hadithi ya maadui zake, ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Na kuna 1922 hujaigusa kabisa. Moscow waliwashitaki viongozi wa chama cha Wasoshalisti Wanamapinduzi, watu waliopigana na mfalme miaka mingi kuliko hata baadhi ya hao waliokuwa wanawahukumu. Clara alienda kule akakaa upande wa mashitaka kwa niaba ya Komintern, umoja wa vyama vya kikomunisti duniani. Sio upande wa utetezi, wa mashitaka! Viongozi 12 wakahukumiwa kifo, alafu hukumu ikasimamishwa kwa sharti kwamba wenzao walio nje watulie, wakivuruga hawa wanauawa, kwa lugha nyingine wakawa mateka. Mama wa haki alikuwa anapiga makofi. Watu wengi wanasema Stalin ndo aliharibu, ila 1922 Lenin bado yupo hai na hiyo kesi ilishafungua njia ya zile kesi za maonyesho za Stalin za 1936. Mimi jina la mtu kama huyo nisingeliweka hata kwenye uchochoro.

Binti wa Maktaba

Mnabishana kuhusu mtaa ila hamjaona kilichopo mbele ya macho. Wametoa jina la mwanamke aliyeandika, aliyehutubia, aliyefungwa, wakarudisha jina la mwanamke ambaye mtaa ulipewa jina lake kwa sababu alikuwa mke wa mtawala. Sina ugomvi na Dorothea, alikuwa na mji mpya umejengwa pale kwenye ardhi yake, sawa. Ila kama tatizo ni demokrasia, mume wa Dorothea alichaguliwa na nani?

mpita_njia77

Jamani Machi 8 si ni kumbukumbu ya mgomo wa wanawake wa viwanda vya nguo New York 1857? Clara anaingiaje?

Mleta mada

@mpita_njia77 huo mgomo wa 1857 unatajwa kila mwaka ila wanahistoria walioutafuta hawajauona, ni hadithi iliyokuja kuenezwa baadae. Marekani chama cha wasoshalisti walikuwa na siku yao Februari 1909, hiyo ipo. Azimio la Copenhagen 1910 halikuwa na tarehe, mara ya kwanza, 1911, Ujerumani na nchi jirani waliadhimisha Machi 19. Machi 8 imetokana na wanawake wa Petrograd, Urusi, 1917, wafanyakazi wa viwanda vya nguo walioingia barabarani kudai mkate na siku chache baadae mfalme akaanguka. Umoja wa Mataifa wamekuja kuidaka miaka ya 70.

@Hoja_Kavu 1922 sijairuka, nilikuwa najua utaileta. Sitamtetea kwenye ile kesi, hakuna cha kutetea, alijua anachofanya. Ninachokataa ni kupima maisha ya miaka 75 kwa wiki chache za kiangazi cha 1922 na kufuta mengine yote. Huyo huyo ndani ya chama chake cha baadae, cha Wakomunisti, alipinga ule upuuzi wa kuwaita wasoshalisti wenzao mafashisti, na alikuwa anajua Moscow hawapendi.

Hoja_Kavu

Alipinga chumbani! Kwenye barua na vikao vya ndani. Hadharani akabaki na kadi yake. Na chama chake 1931 kilipiga kura upande mmoja na Manazi kule Prussia kwenye ile kura ya maoni ya kuiangusha serikali ya wasoshalisti. Mwaka mmoja baadae anaita umoja, na nani? Wale mliotaka kuwaangusha jana? Alipofariki Juni 1933 karibu na Moscow, Stalin mwenyewe alikuwa kati ya waliobeba majivu yake kwenda kuyazika ukuta wa Kremlin. Mtu aliyekuwa mkorofi kwa Stalin habebwi na Stalin.

Binti wa Maktaba

Marehemu hachagui wa kumbeba.

Ila mimi kosa ninalomuona nalo ni lingine na hamjaligusa. Aligoma karibu maisha yote kushirikiana na wanawake wa tabaka la kati waliokuwa wanadai kura. Alisema wale wanataka haki za kurithi mali na kuingia vyuo, ila mfanyakazi wa kike anagombana na tajiri sio na mume. Sawa, kuna ukweli, maana wale nao wengi wangeridhika na kura ya wenye mali tu. Lakini mwanamke wa kiwandani akipigwa nyumbani na mwanaume mwenye kadi ya chama, gazeti la Clara lilimwambia nini? Mara nyingi jibu lilikuwa subiri mapinduzi. Na kura ilipokuja Novemba 1918 ilikuja kwa wote, mabibi wa tabaka la kati na wafanyakazi, siku moja.

mpita_njia77

Kwa hiyo hata nyie wanaharakati hamumtaki 😂

Mleta mada

Hajasema hamtaki, kasema alikuwa na kasoro, na mimi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa.

Ngoja niseme kinachonikera. Ujerumani Mashariki walimweka kwenye noti ya mark 10, wakampa mitaa na shule, na kwenye vitabu vyao 1922 ikawa jambo la kujivunia. Ikaja Ujerumani iliyoungana ikamtoa mtaani, 1932 ikawa haina uzito. Serikali zote mbili zilitaka mama mmoja asiye na mikunjo. Na 2019 Berlin hiyo hiyo imeifanya Machi 8 kuwa sikukuu ya mapumziko, ofisi zinafungwa. Wamechukua siku, mwenye wazo wamemwacha nje. Kama hafai kwa mtaa basi waseme na siku haifai, warudi kazini.

Pendekezo langu, jina lirudi, na chini yake kiwekwe kibao kinachosema yote mawili, alikaa upande wa mashitaka Moscow 1922, na alifungua bunge mbele ya Manazi 1932. Mpita njia asome aamue.

Hoja_Kavu

Kibao nakubali, mtaa sikubali. Kibao kiwekwe palepale kwenye mtaa wa Dorothea, na 1922 iandikwe juu.

Binti wa Maktaba

Juu kwa sababu ya tarehe au kwa sababu yako?