Gari la michezo lililotelekezwa: ditelingi kamili na seramiki, au kung'arisha mara moja na nta?

Mwendo_Mrefu
Wakuu, habari zenu. Nimenunua gari la michezo lililokaa miaka mingi chini ya turubai bila kuguswa. Rangi imepauka, ndani linanuka uvundo, ila bodi imenyooka, na gari hili nalitamani tangu nikiwa shule. Fundi wa ditelingi (usafi wa kina na kung'arisha gari) amenipa njia mbili. Ya kwanza: kuosha kwa kina, kutoa uchafu ulioganda, kung'arisha hatua tatu, seramiki (utando wa kinga unaopakwa juu ya rangi) tabaka mbili, na ndani viti na kapeti vinatolewa nje vyote. Ya pili: kuosha, kung'arisha hatua moja, nta, na usafi wa kawaida ndani. Bei ya kwanza ni zaidi ya mara tatu ya hiyo ya pili. Anataka jibu wiki hii. Ingekuwa lenu mngechagua ipi?

FundiMsasa
Mkuu, hongera. Lakini hapo hakuna mtu wa kukujibu. Gari gani? La mwaka gani? Rangi gani? Ni rangi ya kiwandani au lilishapigwa upya? Kliya, lile tabaka angavu la juu ya rangi, inabanduka au imepauka tu? Na unalitaka la kuendesha kila siku au la kutoka nalo siku moja moja?

Mwendo_Mrefu
Ni jekundu, la miaka ya 80. Nitalitoa mwisho wa wiki tu. Mambo ya kliya sijui.

Bi_Karakana
Kaka, taja gari. Kuna magari rangi yake laini hata kitambaa kinaacha mikwaruzo, na mengine ni magumu hadi mashine inalia. Bila jina tunakisia.

Mwendo_Mrefu
Samahani, nilidhani si muhimu. Ni Porsche 944 ya mwaka 1986. Siyo Turbo.

Taa_Juu
Mwaka 1986! Taa za kunyanyuka bado zinainuka zote mbili? Weka picha, mkuu.

FundiMsasa
Sasa tunaongea. Jekundu la miaka hiyo, jambo la kwanza ni kujua kama lina kliya au halina. Rangi nyingi za wakati ule, hasa nyekundu, nyeupe na nyeusi zisizo na chembe za kumetameta, zilipigwa bila kliya juu. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua sehemu iliyojificha, ndani ya ukingo wa mlango kwa mfano. Kitambaa kikitoka chekundu, hakuna kliya, unasugua rangi yenyewe. Kikibaki cheupe au kijivu cha uchafu, ipo kliya.

Habari hii inabadilisha kila kitu. Kama hakuna kliya, huko kupauka kwake ni tabaka la juu tu lililokufa kwa jua. Likiondolewa, wekundu halisi uko chini yake unasubiri. Kama kuna kliya na imeanza kubanduka, hakuna polishi, seramiki wala nta itakayoirudisha. Hapo ni kupiga rangi upya sehemu hiyo, na fundi anayekuahidi vinginevyo anakudanganya.

Nta_Asilia
Njia ya pili, bila kufikiri mara mbili. Gari la zamani linataka nta ya karnauba. Wekundu unakuwa na kina ambacho seramiki haiwezi kukupa. Seramiki inalifanya gari lionekane limevikwa kioo. Tena rangi isiyo na kliya inahitaji mafuta, inabidi uilishe.

Mikroni120
Nta_Asilia, heshima yako, lakini rangi hailishwi. Imeshakauka, si ngozi ya mtu. Mafuta ya polishi yanajaza vinyweleo na mikwaruzo midogo, mwanga unarudi vizuri, jicho linaona kina. Ukiosha kwa shampuu kali yanaondoka. Nta ni nzuri, naitumia, ila inadumu wiki kadhaa, ikizidi sana miezi miwili mitatu kama gari linalala ndani. Seramiki nzuri inahesabiwa kwa miaka.

Mwendo_Mrefu, swali langu ni moja: huyo fundi amepima unene wa rangi? Rangi ya kiwandani kwa kawaida inasoma kati ya mikroni 100 na 150 hivi, kuanzia praima, rangi ya msingi, hadi juu. Ukikuta 300 mlangoni, mlango huo umeshapigwa rangi tena. Ukikuta zaidi ya 1,000, chini yake kuna puti ya kujazia mabonde. Na ukikuta 70, usikubali hatua tatu za kung'arisha hapo hata kama ni bure. Kumbuka kipimo cha kawaida kinasoma juu ya chuma na alumini tu. Kwenye plastiki hakisomi chochote, kwa hiyo sehemu za plastiki fundi anafanya kwa uzoefu na tahadhari.

Mwendo_Mrefu
Hajapima. Alizunguka gari na tochi akaandika kwenye karatasi.

Bi_Karakana
Tochi ni nzuri kwa kuona mikwaruzo. Haikuambii kuna nyama kiasi gani ya kukata. Mwombe apime mbele yako, kila kipande, sehemu nne au tano kwa kipande.

Kipepeo_Mweusi
Nisimulie yaliyonikuta, maana wengi hapa wanazungumza kama kila mwenye mashine ni fundi.

Nilikuwa na kupe nyeusi, gari la milango miwili, nimeipata ikiwa imechoka. Nikaipeleka kwenye karakana moja yenye jina, ukumbi umejaa taa, sakafu inang'aa. Wakaniuzia kifurushi kikubwa kuliko vyote: hatua tatu na seramiki. Sikuona kipimo cha rangi, nilipouliza nikaambiwa wanajua kwa macho. Siku ya kuichukua gari lilikuwa kama maji ya usiku, nikaona nywele za mkono wangu kwenye boneti. Nikalipa nikaondoka nimeridhika kabisa.

Baada ya kuosha mara chache, jua la jioni likipiga ubavuni, nikaanza kuona duara. Mikwaruzo ya utando wa buibui, ileile ya zamani, na juu yake alama mpya za mashine, mawimbi mawimbi yanayofuata mkono wa aliyeishika. Nikampelekea fundi mwingine. Akafuta kipande kimoja kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, na pale pale mikwaruzo ikaibuka yote. Walitumia polishi yenye vijazio, ikafunika mikwaruzo badala ya kuiondoa, kisha hiyo inayoitwa seramiki ikapakwa juu ya mafuta. Seramiki haishiki juu ya mafuta. Ilikuwa imeshaanza kuondoka kwa madoa madoa, maji yanatiririka hapa, pale yanalala.

Hayo yanarekebishika. Lililoniuma ni ukingo wa tao la gurudumu la nyuma. Walipita na rotari, mashine inayozungusha pedi bila kuyumba, juu ya mkunjo, pedi ya sufi, hawakubandika hata tepu. Kliya ikaisha, rangi ikaisha, ikaonekana praima ya kijivu, mstari mwembamba wa urefu wa kidole. Wao walikuwa wameupaka kalamu ya rangi na kuufunika. Nikarudi kwao, meneja akasema gari lililetwa hivyo. Sina picha za kabla, sina vipimo vya kabla, nitathibitisha nini? Ubavu mzima ukapigwa rangi upya kwa fedha yangu, na rangi ile ilikuwa ya kiwandani tangu gari lizaliwe. Hairudi tena.

Kwa hiyo piga picha kila kipande kabla hujakabidhi funguo. Na baada ya kung'arisha, kabla ya seramiki, uwepo. Wafute kwa alkoholi mbele yako, uangalie chini ya taa. Fundi wa kweli hatakasirika.

Rotari_Milele
Pole sana mkuu. Ila usilaumu rotari. Mashine haina kosa, mkono ndio wenye kosa. Rangi ya zamani isiyo na kliya inaitika rotari na pedi ya sufi kuliko kitu kingine chochote, kazi ya siku nzima inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mikroni120
Na praima inaonekana kabla ya chai. Mashine ile ambayo pedi inazunguka huku ikiyumba inatoa joto kidogo, na siku hizi ikiwa na pedi ya mikrofaiba na kompaundi nzuri inakata vya kutosha. Kwa gari la mtu, rangi ya asili, sioni sababu ya kuanza na rotari.

Rotari_Milele
Unatumia masaa mangapi kwa boneti moja na hiyo mashine?

Mikroni120
Masaa si tatizo langu. Rangi ikiisha ndiyo tatizo langu.

FundiMsasa
Wote mnakosa jambo la msingi: jaribio la kipande kimoja. Chagua nusu ya boneti, bandika tepu katikati, anza na mseto dhaifu kuliko wote, pedi laini na polishi nyepesi. Ikitosha, simama hapo hapo. Isipotosha, panda ngazi moja. Hakuna mtu mwenye haki ya kuuza "hatua tatu" kabla ya kufanya jaribio hili. Huenda 944 hii ikajibu kwa hatua mbili, huenda hata moja.

Mwendo_Mrefu
Wakuu, nimefanya jaribio la kitambaa. Ndani ya ukingo wa mlango wa dereva, kimetoka chekundu kabisa, kama nimefuta lipstiki. Na pale niliposugua pamebaki wekundu mkali, pembeni bado waridi la kupauka. Sijawahi kuona tofauti kama hiyo. Boneti nayo vilevile, ila bawa (fenda) la mbele la kulia kitambaa kimebaki cheupe.

Bi_Karakana
Basi bawa la kulia limepigwa upya, lina kliya. Liligongwa, au liliguswa. Mwambie fundi, maana kipande hicho kitajibu tofauti na gari lote, na baada ya kung'arisha wekundu unaweza usifanane. Bora ujue leo kuliko siku ya kulichukua.

Na ajiandae na pedi nyingi. Rangi ikianza kutoka, pedi inajaa wekundu haraka, ukiendelea nayo unapaka uchafu. Kusafisha pedi kila kipande, kubadilisha mara kwa mara.

Nta_Asilia
Nilisema! Haina kliya. Polishi nyepesi na nta. Seramiki ya nini?

Mikroni120
Isiyo na kliya ndiyo inahitaji kinga zaidi, kwa sababu jua linapiga rangi moja kwa moja. Seramiki inashika vizuri juu ya rangi ya namna hiyo ikiwa mafuta yote yameondolewa. Lakini nakubaliana nawe kwa hili: gari linalolala ndani na kutoka mwisho wa wiki, seramiki tabaka mbili ni kulipia kitu asichokihitaji sana. Na asitegemee seramiki imkinge na mawe ya barabarani. Ni utando mwembamba mno, jiwe halioni.

Filamu_Tupu
Kwa mawe ni filamu ya poliyurethani puani na kwenye boneti. Ikikwaruzwa kidogo, joto la jua linaifunga.

FundiMsasa
Juu ya rangi ya 1986? Siku ya kuibandua filamu, kama rangi haikushika vizuri inakuja nayo. Hasa hilo bawa lililopigwa upya na mtu asiyejulikana. Mimi nisingethubutu.

Harufu_Nzuri
Mbona mmeng'ang'ania rangi tu? Mwenyewe amesema linanuka uvundo. Uvundo ni maji, na maji yana mlango. Kwenye 944 angalia kwanza kioo kikubwa cha nyuma: gundi inayokishika na fremu huachia, mvua inaingia kwenye buti. Kisha mipira ya paa la kufunguka na mifereji yake. Inua kapeti ubonyeze sifongo ya chini kwa mkono. Ikitoa maji, usafi wa kawaida wa njia ya pili ni kupoteza fedha, kuvu itarudi. Kwa ndani mimi nachagua njia ya kwanza: viti nje, kapeti nje, vikaushwe kabisa. Ngozi ya viti isafishwe kwa brashi laini kwanza, krimu baadaye. Ukipaka krimu juu ya uchafu unaufungia ndani.

Dashibodi kama imepasuka, na nyingi za gari hili zimepasuka, ditelingi haiwezi kuiunga.

Mwendo_Mrefu
Imepasuka sehemu mbili juu ya mita. Kapeti ya nyuma imelowa. Kwa hiyo mnasema nje njia ya pili, ndani njia ya kwanza? Sijui kama atakubali kuchanganya.

Bi_Karakana
Akikataa kuchanganya, tafuta mwingine.

Rotari_Milele
Au abaki naye ila apime kwanza. Mtu anayeandika kila kitu kwenye karatasi si mtu wa kumkimbia.

Zinki_Zinki
Kutu vipi? Bodi za 944 zilitiwa zinki, ndiyo maana nyingi zimepona. Lakini zinki haizuii kila kitu pale palipogongwa na kupigwa puti. Angalia chini ya lile bawa.

Mkanda_Kwanza
Jamani, gari limekaa miaka na hakuna aliyeuliza mkanda wa taimingi? Injini ya 944 mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni. Ina mikanda miwili, wa pili unazungusha mihimili ya kusawazisha. Mwendo_Mrefu, umeshaliwasha?

Taa_Juu
Hiyo mihimili ya kusawazisha Porsche walichukua leseni kwa Mitsubishi, mnajua? Ndiyo maana silinda nne za lita 2.5 zinatulia namna ile.

Mwendo_Mrefu
Niliwasha mara moja siku ya kulinunua, likanguruma vizuri, nikazima. Mkanda sijui ulibadilishwa lini.

Mkanda_Kwanza
Usiwashe tena. Livutwe hadi kwa fundi wa ditelingi, wala lisiendeshwe. Maji ya breki nayo uyabadilishe yote, yanavuta unyevu. Matairi soma tarakimu nne za mwisho za ile namba ya DOT ubavuni, wiki na mwaka.

Mwendo_Mrefu
Nimesoma. Tairi za mbele ni za 2009. Sasa fedha ya seramiki naona inaelekea kwenye matairi na mikanda. Kuna anayejua kama kioo cha nyuma kinaweza kugandishwa upya bila kutoa fremu nzima?