Kuhama kutoka Exchange 2010: tuanzie wapi?

Swali (Mbeya)
Habari za kazi, wakuu. Seva yetu ya barua pepe ofisini bado inatumia programu ya Exchange 2010, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2020, ingawa leseni ya Exchange 2019 tulishainunua zamani. Je, ninaweza kuhamisha visanduku vya barua moja kwa moja? Vipo themanini hivi, na cha mhasibu peke yake kina GB 31.

Jibu (Iringa)
Haiwezekani, mkuu, kwa sababu Exchange 2019 haikubali kukaa katika mfumo mmoja na ya 2010. Sakinisha kwanza Exchange 2016, uhamishie visanduku huko, kisha uiondoe ya 2010 kwa utaratibu wake (usizime mashine tu, wengi hukosea hapo), ndipo ulete ya 2019. Nayo ilifikia ukomo wa huduma Oktoba 2025, hivyo isasishe iwe Subscription Edition, toleo la Exchange lililoifuata.

Jibu (Njombe)
Mimi nasisitiza diski. Kila kisanduku kinachohamishwa huiandikia seva inayopokea kumbukumbu nyingi za miamala (logs, yaani faili zinazorekodi kila badiliko), ambazo kwa kawaida hazifutiki mpaka nakala rudufu ikamilike. Sisi tuliiacha kazi iendelee usiku wa Jumamosi. Asubuhi diski imejaa, hifadhidata imejizima, na simu zinaita kabla chai haijapoa. Hamisha kwa mafungu, ukichukua nakala rudufu baada ya kila fungu.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Basi mhasibu atakuwa wa mwisho, na kabla ya zamu yake nitamwomba apunguze viambatisho vya tangu 2012.