Mrejesho: nguruwe wa kufuga nyumbani, Nyegezi

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kumzuia nguruwe wangu mdogo wa asili ya Vietnam asifukue ua wote. Nilimtengea kona ya udongo laini kama mlivyonishauri, na sasa huzamisha pua humo mpaka usawa wa macho akitafuta vipande vya viazi ninavyomfukia, huku bustani ya mchicha ikipona. Kwa kuwa nguruwe hatoi jasho la kutosha kumpoza, mchana hulala kwenye tope chini ya mwembe. Makombo yenye nyama ya nguruwe nimeyapiga marufuku, kwani yanaweza kueneza homa ya nguruwe, ambayo haina tiba. Muuzaji aliniahidi kwamba atabaki mdogo. Kumbe nguruwe wa aina hii wakikomaa hupita kilo 50, na huyu tayari amenishinda kumbeba.