Mashine za dhahabu "zilizoboreshwa": tuleteeni kipimo cha haki au mwache kuchukua hela za watu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila wanapokutana watu wanaotafuta dhahabu kwa ditekta, hakosekani wa kukwambia kwamba mashine yako ilivyotoka kiwandani ni ya kuchezea tu, ipeleke kwa fundi fulani ikafunguliwe, ibadilishwe chipu, iongezewe umeme, halafu itakuwa inaona kina mara mbili. Ukiomba ushahidi unatumiwa video ya mtu anapitisha kipande cha dhahabu hewani juu ya koili, lile duara la waya linalopungwa juu ya ardhi. Mlio unapanda, watu wanasifia, hela inatumwa.

Naanza na hiyo "mara mbili" kwa sababu ndiyo inayowamaliza watu. Koili inarusha uga wa sumaku, na kipande kikishakuwa mbali kuzidi upana wa koili, uga unaokifikia unapungua kwa umbali uliozidishwa wenyewe mara tatu. Mwangwi wa kipande nao, ukirudi juu, unapungua hivyo hivyo. Ukijumlisha safari zote mbili ni kipeo cha sita. Maana yake, ili kipande kile kile ukisikie kwenye kina mara mbili, unahitaji ishara yenye nguvu mara 64. Sitini na nne! Fundi gani ana chipu ya kuleta hiyo kwa kubadilisha vitu viwili vitatu ndani ya boksi? Hata akikuzidishia mkondo wa koili mara mbili, jambo linaloweza kuunguza transista za kurushia, utapata nyongeza ya kama asilimia 12. Kilichosikika kwa sentimita 30 sasa kinasikika kwa 33 na ushei. Akikuongezea asilimia 10 ya mkondo, unapata asilimia 1.6, yaani nusu sentimita. Nusu sentimita inapotea ukinyanyua koili kidogo tu wakati unapunga.

Na hapo nimejifanya udongo haupo. Ukiongeza nguvu ya kurusha, madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo nayo yanajibu kwa nguvu ile ile uliyoongeza. Kwenye ardhi nyekundu yenye mawe ya chuma, kinachozuia usisikie dhahabu mara nyingi ni kelele za ardhi, siyo uchache wa umeme. Hizo kelele umezipandisha pamoja na dhahabu yako. Umepata nini?

Kuna ujanja mwingine unaosifiwa sana, wa "kuifanya mashine iwe na kasi". Hizi mashine za mapigo zinarusha umeme, zinakata ghafla, zinasubiri maikrosekunde chache, ndipo zinasikiliza. Dhahabu ndogo, ile ya punje na vipande vyembamba, mwangwi wake unakufa upesi sana, kwa hiyo ukisikiliza mapema unaisikia zaidi. Hilo ni kweli kabisa. Lakini udongo wenye chuma nao unapiga kelele kubwa zaidi muda ule ule wa mwanzo, na wahandisi wa kiwandani walichagua nyakati zao za kusikiliza kwa mpangilio ili kelele ya udongo ijifute yenyewe. Minelab, kampuni ya Australia inayotengeneza ditekta, walipotoa mashine yao ya SD2000 mwaka 1995, kazi ya mvumbuzi wao Bruce Candy, kilichofanya watu washangae ni ule mpangilio wa mapigo ya urefu tofauti, mafupi na marefu yakipokezana. Siyo volti. Sasa anakuja mtu na pasi ya kulehemu, anabadilisha kapasita moja, anasogeza muda mmoja bila kugusa mingine, na mpangilio wote unavurugika. Hewani hutaliona hilo, maana hewa haina chuma. Ndiyo sababu video zao zote zinapigwa mezani.

Yangu ni GP 3500, nayo ya Minelab. Ilikuwa inafanya kazi vizuri ila swichi na vifundo vya kuzungusha vilianza kukwaruza. Nikaipeleka kwa fundi anayesifika, ambaye sitamtaja hapa. Ilirudi na betri ya lithiamu badala ya ile ya volti 6 ya risasi, na maelezo kwamba "sasa ni mnyama". Nikiiwasha nyumbani, sauti kubwa kweli, kipande kidogo kinalia vizuri mno. Kuifikisha kwenye ardhi yenye chuma, ule mvumo wa chini ambao ndio roho ya mashine hizi, unaotakiwa utulie ili usikie hata unapopinda kidogo, ulikuwa unayumba kama mgonjwa wa homa. Kila jiwe la chuma linalia kama dhahabu. Naisawazisha na udongo, yaani naipanga ipuuze kelele ya ardhi ya pale, napiga hatua chache, imepotea tena. Nikaifungua. Kwenye bodi, chipu zilizobadilishwa zimefunikwa kwa gundi nyeusi ngumu, na ile moja iliyokuwa wazi imekwanguliwa namba zake zote juu hadi imebaki kijivu. Waya mmoja mwembamba mwekundu umerukishwa juu ya bodi kwenda kwenye rezista isiyo ya asili. Nikamuuliza umebadilisha nini na kwa thamani gani, jibu ni kwamba hiyo ni siri ya kazi yake.

Siri? Mashine ni yangu! Ikiharibika, fundi mwingine hawezi kuitengeneza kwa sababu hajui kilichomo, na gundi hiyo ni vigumu kuitoa bila kung'oa njia za bodi. Kwenye mashine mpya hali ni mbaya zaidi, maana boksi likishafunguliwa na mtu asiyeruhusiwa, dhamana ya kiwanda unaisahau.

Wapo watakaokuja hapa kuniambia "mbona yangu baada ya kufanyiwa imekuwa tofauti kabisa". Sawa, nawaamini. Lakini ulizeni hiyo mashine ilikuwa na umri gani. Mashine ya miaka mingi ina vifundo vyenye vumbi, kebo ya koili iliyochoka shingoni, betri isiyoshika chaji, marekebisho ya ndani yaliyohama. Fundi akisafisha soketi na kubadilisha kebo, lazima ipone. Hiyo ni sevisi, na sevisi nzuri ni kazi ya heshima ambayo niko tayari kuilipia. Ukitaka kujua mchango wa hizo chipu, ilinganishe na mashine ya kiwandani iliyofanyiwa sevisi hiyo hiyo. Hakuna anayefanya hivyo.

Vilevile betri yenye kidhibiti kinachoshikilia volti isiyumbe inasaidia kweli. Kikuza sauti na spika nzuri vinasaidia sana mwenye masikio yaliyochoka. Viuzeni kwa majina yake, msiviite kina.

Sasa niseme kuhusu haya "majaribio ya uwanjani", maana hapa ndipo watu wazima wanadanganywa mchana kweupe. Iliyoboreshwa inafungwa koili kubwa ya mono (waya mmoja unaorusha na kusikiliza), ya kiwandani inaachiwa ile ya inchi 11 ya DD (nyaya mbili, mmoja unarusha na mwingine unasikiliza) iliyokuja nayo. Koili peke yake inaleta tofauti kuliko yote aliyofanya fundi. Halafu utaratibu wenyewe: mwenye mashine iliyoboreshwa anatangulia, anapata milio, anaweka alama, kisha anaita ya kiwandani ije ipite juu ya alama zake. Ikikosa mlio mmoja kati ya hiyo, kelele, "mmeona?" Lakini milio hiyo yote ilichaguliwa na mashine moja! Ile ambayo ya kiwandani ingeisikia na iliyoboreshwa ikaipita kwa sababu ya kelele zake, nani aliitafuta? Haimo kwenye hesabu kabisa. Kwa utaratibu huo hata mashine mbovu itashinda, mradi itangulie.

Na kuzika kipande upya hakutoshi. Udongo uliochimbuliwa na kurudishwa si ule uliolala bila kuguswa, na shimo lenyewe linaweza kulia. Tena anayepunga anajua kipande kiko wapi, anapunguza mwendo palepale na kushusha koili hadi inagusa ardhi.

Kwa hiyo nyie mnaouza kazi hizi, na mko humu, natumia lugha ya moja kwa moja: leteni mashine mbili za aina moja, zote zimefanyiwa sevisi, moja imeguswa na nyingine haijaguswa. Koili ile ile ihamishwe kutoka moja kwenda nyingine, betri zimejaa, kila moja isawazishwe na udongo na ipangwe na mtu anayeijua vizuri. Eneo liwe la chuma, siyo mchanga wa mtoni. Nusu ya eneo itangulie ya kiwandani, nusu itangulie yenu, na kila mlio uhakikiwe na mashine zote mbili kabla jembe halijashuka. Anayehakiki awekewe na sehemu tupu katikati ya alama, bila kuambiwa ni zipi. Andikeni yote, pamoja na mawe ya chuma mliyochimba mkidhani ni dhahabu.

Fundi atakayekubali, akaeleza wazi kabadilisha kipi, na mashine yake ikashinda, nitamtangaza mwenyewe na nitamlipa. Mnaotaka kujibu kwa video ya mezani, msijisumbue. Na aliyewahi kuikwangua ile gundi nyeusi bila kuua bodi, tafadhali mkuu, nielekeze ulitumia nini.